Jitu la Chuma la Nagata: Uhakiki wa Sanamu ya Tetsujin na Swali la Fasihi Pendwa

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuhakiki sanamu iliyosimamishwa mwaka 2009 katika Bustani ya Wakamatsu, wilaya ya Nagata, mjini Kobe, Japani. Sanamu hiyo si ya mfalme wala ya jemadari, si ya mtume wala ya mwanasiasa. Ni sanamu ya Tetsujin 28-go, jitu la chuma lililozuka katika hadithi za katuni za watoto mwaka 1956. Msomaji ana haki ya kuuliza: jarida la lugha za Kiafrika lina shughuli gani na mdoli mkubwa wa Kijapani? Jibu ni kwamba sanamu hiyo inatutupia swali ambalo sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumelizunguka kwa miaka mingi bila ya kulikabili. Swali lenyewe ni hili: je, kazi ambayo tumezoea kuiita fasihi pendwa, na kuipa kiti cha nyuma katika mitalaa yetu, ina kazi gani katika maisha ya umma siku umma huo unapofikwa na msiba?

Sitajidai kwamba nililiona swali hilo tangu mwanzo. Nilifikishwa Nagata mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili mjini Osaka, ambao ni mji jirani na Kobe, na ambako Kiswahili kimekuwa kikifundishwa katika chuo kikuu kwa miaka mingi. Aliyenifikisha ni mwanafunzi mwenzangu, Mjapani aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Nilikwenda kwa adabu ya mgeni, nikapiga picha, nikarudi nikiwa na dharau moyoni. Nilijiambia kwamba hawa ni watu waliokosa mashujaa, ndiyo maana wakachonga katuni. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini dharau ile ilikuwa uhakiki mbovu.

Matini ya asili

Kabla ya kuijadili sanamu, yafaa tuijue kazi iliyoizaa. Mtunzi wake, Mitsuteru Yokoyama, alizaliwa mwaka 1934 mjini Kobe. Tetsujin 28-go ilianza kuchapishwa mwaka 1956 katika jarida la wavulana, ikaendelea hadi mwaka 1966. Mwaka 1963 ikageuzwa kuwa mfululizo wa picha za katuni katika televisheni, na baadaye ikavuka bahari hadi Marekani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili wanajeshi wa Japani wanaamrisha iundwe silaha ya siri, mtu wa chuma mwenye nguvu za kutisha, ili kuyageuza matokeo ya vita. Vita vinakwisha kabla silaha hiyo haijatumika. Jitu linabaki, na mwana wa mtaalamu aliyehusika na uundaji wake, mvulana wa miaka kumi aitwaye Shotaro Kaneda, ndiye anayekuja kuliongoza. Hulitumia kupambana na wahalifu, maana Shotaro ni mpelelezi licha ya udogo wake. Jambo la kushika hapa ni kwamba Tetsujin hana nia wala dhamiri. Haneni, hafikiri, hapendi, hachukii. Huongozwa kwa kisanduku chenye vishikio viwili na waya wa kunasia mawimbi, na yeyote anayekishika kisanduku hicho ndiye bwana wake. Akikishika Shotaro, jitu huokoa. Akikinyakua mwizi, jitu lilo hilo huvunja na kuponda. Mgogoro mkuu wa hadithi, basi, haumo baina ya jitu jema na jitu baya. Umo katika kung'ang'ania kisanduku.

Hapana shaka kwamba dhamira hii ilitokana na maisha ya mtunzi. Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliushambulia mji wa Kobe kwa mabomu ya moto, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Juni. Yokoyama, aliyekuwa mtoto wa shule, alikuwa amehamishiwa mkoa wa Tottori pamoja na watoto wengine. Aliporudi aliukuta mji wake umekuwa uwanda wa majivu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mashambulizi hayo, silaha mpya za Wajerumani na filamu ya Frankenstein vilichangia kumzaa Tetsujin. Tazama umri: mtoto aliyerudi kwenye majivu ana umri unaokaribia ule wa mtoto aliyepewa kisanduku. Mtunzi alichukua silaha, yaani kitu cha namna ile ile iliyoangamiza mji wake, akaitia mkononi mwa mtoto. Mhakiki anayesema kwamba kazi kama hii ni ya kupitishia wakati tu bila ya maudhui amesoma jalada akaacha kurasa.

Mji ulioungua mara mbili

Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, ardhi ilitetemeka chini ya Kobe kwa muda wa sekunde zipatazo 20. Watu 6,434 walikufa katika mkasa huo, ambao Wajapani huuita Tetemeko Kuu la Hanshin-Awaji. Nagata ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Ilikuwa wilaya ya wafanyakazi: nyumba za mbao zilizobanana, vichochoro vyembamba, soko, na karakana ndogo ndogo za viatu ambamo Wajapani walifanya kazi pamoja na watu wenye asili ya Korea na Vietnam. Moto ulipozuka, mabomba ya maji yalikuwa yamekwisha kupasuka. Wazima moto walifika, wakasimama na mipira mitupu mikononi huku mitaa ikiteketea. Hivyo Kobe iliungua mara ya pili, miaka 50 baada ya mara ya kwanza.

Mji wa Kobe unayo mahali pa kuomboleza. Katika Bustani ya Higashi Yuenchi, katikati ya mji, majina ya waliokufa yameandikwa, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kabla ya mapambazuko, wakawasha taa na kunyamaza saa ile ile. Kwa hivyo sanamu ya Nagata haikuja kuchukua nafasi ya kaburi. Mwilini mwake hamna majina ya wafu. Ilikuja kwa haja nyingine: wilaya ilikuwa imejengwa upya, majengo makubwa yalikuwa yamepanda kusini ya stesheni ya Shin-Nagata katika eneo la hekta zipatazo 20, lakini wakazi wengi wa zamani hawakurudi, na wenye maduka walikaa wakiwangoja wateja wasiofika. Majengo yalikuwepo, mtaa haukuwepo. Watu wa maduka na wakazi walipoulizana ni nini kitakachoweza kuurejesha mtaa, hawakumtafuta meya wala jemadari. Walimkumbuka mwana wa mji, yaani Yokoyama, aliyekuwa amefariki mwaka 2004, na mtu wake wa chuma.

Fani ya sanamu

Sasa tuitazame sanamu yenyewe. Imeundwa kwa chuma cha pua cha namna isiyoliwa upesi na kutu, na uzito wake unakaribia tani 50. Lau ingesimama wima ingefika urefu wa meta 18, ambao ndio urefu wake katika hesabu za waundaji. Lakini imetanua miguu na kukunja magoti, hivyo kimo chake halisi hupungua hapo. Rangi yake ni ya buluu. Kichwa chake ni mfano wa kofia ya chuma ya wapiganaji wa kale wa Ulaya, pua imechongoka, kifua ni kipana kama pipa, na ngumi moja imerushwa mbele kuelekea mbinguni.

Mtu akitoka stesheni haioni mara moja. Huanza kuonekana ngumi na kichwa baina ya majengo ya ghorofa, na ndipo, baada ya kona, jitu zima hutokea katika uwanja wa kawaida kabisa wa mtaa: watoto wanaendesha baiskeli, wazee wameketi, mama mmoja anapita na mfuko wa mboga. Hakuna ua wa kuizuia hadhira. Siku niliyofika watoto walikuwa wakikimbizana baina ya miguu yake, na mmoja alikuwa ameegemea kidole gumba cha mguu akifunga viatu. Tofauti kati ya ukali wa umbo na upole wa matumizi ndiyo siri ya kwanza ya fani yake. Umbo ni la vita, mkao ni wa shambulio, lakini mbele ya ngumi hakuna adui. Mbele yake kuna anga tupu. Adui wa Nagata alikuwa ardhi na moto, na hao hawapigwi ngumi. Kwa hivyo ishara ya kupiga imegeuka ishara ya kuinuka. Hili halikuandikwa popote kwenye sanamu. Ni mahali iliposimamishwa ndipo panapolisema. Sanamu hiyo hiyo ikihamishiwa mbele ya kambi ya jeshi, maana yake yabadilika papo hapo.

Upo ulinganisho wa karibu unaothibitisha hoja hii. Mwaka huo huo wa 2009, katika bustani ya Shiokaze, Tokyo, ilisimamishwa sanamu ya Gundam, jitu jingine la chuma la katuni, lenye kimo hicho hicho cha meta 18, kuadhimisha miaka 30 tangu mfululizo wake uanze katika televisheni mwaka 1979. Kwa ufundi wa mapambo, ile ya Tokyo ilikuwa hodari zaidi, na watu walimiminika kuitazama. Majira ya joto yalipokwisha, ikakunjwa ikaondolewa. Ilikuwa tangazo zuri mno la kazi ya sanaa. Ile ya Nagata haikuondolewa. Rangi yake ilipofifia, mwaka 2016 ilipakwa upya. Kimo ni kimoja na mwaka ni mmoja, lakini moja ilikuwa mgeni, nyingine ni jirani.

Jina na ngeli

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika sarufi. Tulipokuwa tumesimama chini ya sanamu, mwenzangu aliniuliza jina lake litasemwaje kwa Kiswahili. Tetsu ni chuma, jin ni mtu, na go ni neno la kuhesabia, hivyo Mtu wa Chuma Nambari 28. Nilimjibu kwamba Mswahili, akiona kitu cha kimo kile, hatasema mtu, atasema jitu. Akatikisa kichwa. "Si jitu," akasema, "ni mtu."

Wakati ule nilidhani anabishana juu ya msamiati tu. Kumbe alikuwa anabishana juu ya ngeli. Katika Kiswahili nomino inayotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: simba amelala, kipofu amefika. Lakini tukikuza, msemaji hupewa hiari ya kuunyima uhai huo: jitu limekuja, zimwi limemmeza. Kwa li- tunamtoa kiumbe katika jamaa ya watu na kumweka karibu na jiwe na jabali. Kijapani nacho kina njia yake ya kufanya jambo la namna hii, si kwa ngeli bali kwa kitenzi: iru ni kuwepo kwa watu na wanyama, aru ni kuwepo kwa vitu na mimea. Mwenzangu, alipoiona ngumi ikichomoza baina ya majengo, alitumia iru. Hakusema kwamba sanamu ipo. Alisema kwamba Tetsujin yupo.

Wafasiri wa Marekani walipolichukua jitu hili katika miaka ya 1960 walilibatiza Gigantor, na Shotaro akawa Jimmy Sparks. Katika jina hilo jipya ukubwa umebaki, mtu ametoweka. Nami nilikuwa tayari kufanya kosa lilo hilo kwa Kiswahili. Kichwa cha makala hii nimekiacha na neno jitu kwa makusudi, ili msomaji aanze pale nilipoanzia mimi. Lakini baada ya kufika hapa sioni tena kwamba ndilo neno la haki. Kitu kisicho na nia, kilichoundwa kwa ajili ya kuua, kimepewa na wakazi wa mtaa upatanisho wa mtu. Sarufi ndiyo iliyotangulia kusema kile ambacho mhakiki alichelewa kukiona.

Liongo kisimani

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kurudi na kuanza kufundisha, nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi utenzi wa Fumo Liongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Tulipofika mwisho wa kisa nilinyamaza ghafla mbele ya darasa, maana niliiona Nagata.

Tukumbuke kisa. Liongo ni shujaa wa nguvu zisizo kifani. Silaha haimpati, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anamfichulia mwanawe, aliyehadaiwa na mtawala, na mwana huyo huyo ndiye anayemchoma akiwa usingizini. Liongo anaamka na jeraha lake, anachukua uta, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale, anaulenga mji, na hapo anakata roho. Lakini mwili hauanguki. Watu wa mji wanaona mshale umelengwa kwao, wanadhani yu hai, na hawathubutu kuteka maji. Mji unashikwa na kiu kwa hofu ya maiti.

Nadiriki kusema kwamba hapo pana sanamu katika fasihi yetu kongwe. Ni mwili usio na roho, umejikita mahali pa umma, mkono umenyoshwa, silaha tayari. Na kando yake yupo mtoto mwenye siri ya jitu. Vipashio vya visa viwili hivi vinafanana kiasi cha kushangaza, ingawa hakuna uhusiano wa kihistoria baina yake, wala sidai kwamba upo. Tofauti ndiyo yenye maana. Katika kisa chetu siri inatiwa mkononi mwa mtoto na mtawala, naye anaitumia kuua. Jitu lililokufa linawazuia watu wasiyafikie maji. Katika kisa cha Yokoyama kisanduku kinaachwa mkononi mwa mtoto na watu wa vita walioshindwa, naye anakitumia kuokoa. Na lile umbo lisilo roho, lilipogeuzwa kuwa sanamu, lilisimamishwa ili watu wasogee. Liongo aliufukuza mji kisimani. Tetsujin aliwekwa ili auite mji urudi.

Kuna jambo jingine ambalo kisa cha Liongo kinatufundisha kuhusu mada yetu. Leo hakuna mtaalamu anayethubutu kumwita Liongo fasihi pendwa. Yumo katika mitalaa, amehaririwa, amefafanuliwa, ameandikiwa tasnifu. Lakini alifikaje huko? Alibebwa kwa karne nyingi na watu wa kawaida, katika nyimbo za gungu zinazohusishwa na jina lake, katika arusi, katika hadithi za usiku. Alikuwa pendwa kabla hajawa kongwe. Kama wahakiki wa zamani hizo wangekuwa na kamati ya mtalaa kama yetu, nachelea kwamba wangempa kiti cha nyuma.

Nani ameshika kisanduku?

Isidhaniwe kwamba natoa hapa tenzi za sifa. Mhakiki anayeacha kuuliza maswali kwa sababu ameguswa moyo ameacha kazi yake. Sanamu ya Nagata iligharimu yeni zipatazo milioni 135. Milioni 45 kati ya hizo zilitoka serikali ya mji, na zilizosalia zilichangwa na wafadhili, watu wa biashara na wapenzi wa hadithi. Ilikusudiwa waziwazi kuwaleta watalii na wateja. Jirani yake yamepangwa mapambo ya kazi nyingine mashuhuri ya Yokoyama, simulizi ya Falme Tatu za Uchina, kwa lengo lilo hilo. Je, basi, si biashara tu iliyovaa majonzi? Na je, ngumi ya chuma iliyoinuliwa juu haiwezi kumsahaulisha mtazamaji wale ambao hawakuweza kurudi kwa sababu kodi za majengo mapya ziliwashinda?

Maswali haya ni ya haki, na sina nia ya kuyafunika. Lakini jibu lake limo ndani ya matini yenyewe, na hii ndiyo sababu sanamu hii inastahiki heshima ya uhakiki. Hadithi ya Tetsujin ndiyo inayotufundisha kuuliza nani ameshika kisanduku. Mtoto wa Nagata aliyeijua hadithi hiyo hana haja ya kufundishwa nadharia ya itikadi ili afahamu kwamba nguvu haina wema wake yenyewe. Anajua kwamba jitu hili hili lingeweza kumponda. Ni sanamu chache mno duniani zinazobeba ndani yake onyo dhidi yake zenyewe.

Tulinganishe na hali ya kwetu. Mwaka 1988, katika bustani ya Central Park jijini Nairobi, lilisimamishwa jengo la kumbukumbu la Nyayo: mkono mkubwa unachomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya, umeshika rungu. Kwa fani ni tamathali ya sehemu kuwakilisha kitu kizima; mkono unatosha, kwa kuwa kila mtu aliujua mwenyewe. Nao, kama wa Nagata, unanyoka kuelekea mbinguni kutoka bustani ya mji. Lakini hakuna hadithi iliyotangulia mkono huo ambayo mtoto angeweza kuishika na kumwuliza mwenye mkono swali. Mlima umepewa bwana, na mtazamaji amepewa kazi ya kutazama. Sisemi hivi ili kubeza ufundi wa waliojenga. Nasema kwamba sanamu iliyoanzia kwa mtawala huja na maana iliyokwisha kufungwa, na sanamu iliyoanzia katika hadithi ya watu huja na maana ambayo watu wameikuza wenyewe kwa muda mrefu. Ya kwanza huhitaji mlinzi. Ya pili huhitaji mpaka rangi tu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kazi ya katuni yaweza kubeba dhamira nzito kama kazi yoyote ile, na kwamba uzito huo hauonekani kwa mhakiki aliyekwisha kuukana kabla ya kusoma. Pili, kwamba fani ya sanamu haiwezi kutenganishwa na mahali iliposimama wala na lugha ya wanaoizungumzia. Tatu, kwamba mpaka tunaouweka baina ya fasihi kongwe na fasihi pendwa ni mpaka wa wakati zaidi kuliko wa thamani.

Katika Kiswahili jambo hili si la nadharia tupu. Miaka ile ile Tetsujin alipokuwa akisomwa na wavulana wa Japani, Mohammed Said Abdulla alikuwa akimleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Hapa Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu magazetini kwa miongo mingi, na pana wazee waliojifunza kusoma Kiswahili kwa kumcheka mtu huyo. Ni nani katika idara zetu aliyemhakiki Juha Kalulu kwa makini aliyompa Liongo?

Nauliza nikijijumuisha. Mwaka wa pili wa kufundisha kwangu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza alinijia akitaka kuandika tasnifu juu ya Juha Kalulu. Alikuwa na daftari lililojaa vipande vya magazeti alivyovikata babu yake. Nilimwambia kwamba mada hiyo haina uzito wa kitaaluma, nikampa mada nyingine ya ushairi wa arudhi. Aliiandika vizuri, akapata alama nzuri, nami sikuona hata mstari mmoja ndani yake uliomtoka moyoni. Nilikuwa nimekwisha kusimama chini ya sanamu ya Nagata wakati huo. Picha yake nilikuwa nayo mezani.

Kisanduku cha mtalaa kimo mikononi mwetu, na mtalaa nao hauna nia yake wenyewe. Ushauri wangu kwa wahakiki wenzangu ni mdogo. Katika mapitio yajayo ya mitalaa yetu, tuweke kozi moja ya fasihi pendwa ya Kiswahili, ikiwemo katuni, isiwe ya hiari kwa walioshindwa na ushairi bali ya lazima kwa wote, na isomeshwe kwa zana zile zile za fani na maudhui tunazozitumia kwa tenzi. Wale watakaopinga waandike, nasi tutajibizana katika kurasa hizi. Ama yule mwanafunzi, nimemwandikia barua kumwuliza kama lile daftari la babu yake bado lipo.